Kiroboto na Injini ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, salamu nyingi. Darasa la watu wazima lilinifundisha barua tu, kwa hiyo nakusalimu kama barua. Sisi hapa wazima. Kijana wangu mzima, yuko uwani kalala chini ya gari. Mdogo wake wa kike mzima, anafua huku anaimba ovyo. Bibi yao, mama wa marehemu mume wangu, mzima ila magoti. Paka mzima, mwizi kama kawaida. Mimi mzima wa mwili. Asiye mzima ni Kiroboto.

Kiroboto ni gari la kijana. Jekundu, milango miwili, dogo hata kikapu changu cha sokoni lazima nikipakate. Lakini likikimbia! Kwenye mashindano ya kupanda kilima linawaacha wakubwa midomo wazi. Jana injini ilinoki. Iligonga kama mtu anatwanga, kisha kimya. Fundi Kipara kasema haitengenezeki, itafutwe nyingine.

Nimeumia kuliko mwenye gari. Kiroboto namjua kwa sauti. Akifika tu kona ya duka la nguo, naacha nilichoshika naenda kufungua geti. Kijana hajawahi kupiga honi nyumbani kwao.

Jumatano, 5 Machi

Kijana kashinda kwa mama wa mchumba wake. Huyo mama ana duka la spea. Kala hukohuko. Karudi na maneno — mama kasema hivi, mama kasema vile. Nikamuuliza mama yupi, maana mimi tangu asubuhi sijasema kitu. Kacheka. Mimi sikucheka.

Kumbe huyo mama keshamchagulia injini. Silinda nne yenye turbo, ndugu wa hiyo iliyokufa, inakaa palepale bila kukata kitu. Eti nyepesi. Eti gari halitapoteza tabia yake.

Tabia! Gari nalifungulia geti miaka yote, leo yeye ndiye anajua tabia yake.

Halafu ana oili kwenye kucha na bado kapendeza. Hilo nalo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kwa shemeji, mdogo wa marehemu. Nyuma ya nyumba yake kuna gari refu lililogongwa matako, mbele halina hata mkwaruzo. Injini ya silinda sita. Kaniwashia nisikie. Vyombo vya jikoni vikatikisika. Nikamwomba anipe. Kasema chukua, shemeji, hapo nitapanda mboga. Kisha kanikazia macho, kauliza si mimi niliyemnyima kijana baiskeli mpaka akaota ndevu?

Nikamjibu watu hubadilika.

Sijabadilika. Nimeona tu kwamba sita ni zaidi ya nne.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaileta na pikapu. Wanaume wanne kuishusha! Kijana kaizunguka, kachuchumaa, kapima kwa mkono. Halafu kaniuliza taratibu kama nina uhakika, maana ile ya dukani ilishawekwa pembeni kwa ajili yake.

Nikasema mama yako akikupa kitu unauliza? Sauti ikatetemeka — kidogo ya kweli, kidogo ya kusudi.

Kanishika mkono. "Basi, mama. Tutaweka hii."

Bibi kachungulia dirishani, kauliza tangu lini najua mambo ya silinda. Nikamkumbusha dawa yake.

Nimemfikiria yule mwenye duka akiambiwa. Mungu anisamehe, nimetabasamu peke yangu mbele ya sufuria.

Jumanne, 18 Machi

Nimempelekea Fundi Kipara chai gereji. Heri nisingeenda.

Kiroboto kafunguliwa kifua. Ukuta wa nyuma ya injini wamekata wakachomelea upya. Rejeta imesogezwa mbele mpaka inakaribia kugusa bampa. Nikauliza kazi inakwendaje. Kipara kazima mashine, kafuta jasho. Kasema inaingia, mama, kila kitu kinaingia ukikata vya kutosha. Ila pua imekuwa nzito. Kwenye mstari litakwenda kama limetupwa. Kwenye kona, wewe unakata usukani, pua inataka kunyooka tu. Na breki bado ni zile za injini ndogo. Kubwa kaagiza, hazijafika.

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilimwambia kijana. Akanijibu hii katoa mama, wewe weka."

Chai sikuimimina. Nimerudi nayo nyumbani.

Nilikusudia kumwambia aitoe. Nikafika mpaka mlango wa chumba chake, maneno mdomoni. Nikamsikia kwenye simu: ndiyo mama, asante mama. Na si mimi. Nikageuka, nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi kijana kachukua gari gereji. Fundi kamsisitiza azunguke mtaani tu, polepole, mpaka breki zije. Mdogo wake kaja mbio kutoka dukani: kamwona anaelekea barabara ya kilimani. Ile ya kona. Kijana na injini mpya, nani atamshika?

Napiga simu. Inaita tu.

Geti likagongwa, nikaruka. Hakuwa yeye. Yule mama wa spea, na ovaroli yake, kabeba boksi zito. Nikajua kaja kunicheka. Kasema kaleta breki. Kumbe Kipara aliagiza kwake. Kahangaika nazo wiki nzima, maduka ya watu, mpaka kazipata.

"Mwenzangu, injini uliyomchagulia si mbaya. Inataka hizi tu, na springi ngumu za mbele. Yuko wapi?"

Nikamwambia kilimani. Rangi ikamtoka usoni. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Sasa naandika huku kakaa kizingitini, boksi mapajani. Anadhani naandika orodha ya vitu vya sokoni. Simu zetu zote mbili zinampigia mtu mmoja. Hapa katikati kaniambia kitu: kijana akienda kwake anapiga honi mpaka majirani wanatoka, na ukimgombeza anasema kwao hana haja ya honi, mama yake anamsikia tangu kona. Kasema akiangalia pembeni. Nikaona kumbe hata yeye linamchoma. Nikafurahi, kisha nikaona haya.

Maana sasa simsikii. Kila kinachopita kona ya duka la nguo nasimama. Lori. Pikipiki. Gari la mkaa. Sauti ya Kiroboto mpya naijua kwa shemeji tu, ikitikisa vyombo. Yeye kasema usihangaike, nikisikia silinda sita nitakwambia. Tumetega masikio, lakini la kwake ndilo linalojua. Nimefungua geti zima nikaliegemeza jiwe.

Bado inaita. Nimemwandikia ujumbe, herufi moja moja:

Baba breki zimefika. kazileta mama yako mwingine. tuko naye hapa getini. usikimbize kwenye kona rudi polepole hata kwa kusukuma. injini tutabadilisha ukitaka mimi sitanuna. nijibu upesi