Mwezi Tuliokula Ugali Rubafu

Tata mpendwa,

Leo nimekukumbuka nikiwa jikoni, mkono wangu umezama kwenye ndoo ya unga mpaka kiwiko. Nilikuwa naficha simu. Nitakueleza sababu, ila usinicheke kabla sijamaliza, maana tabia hii nimeirithi kwako, baba yangu.

Mjukuu wako Kemilembe amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Jumatatu asubuhi anakwenda Muleba, shule ya bweni ya wasichana. Tranka liko sebuleni, limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, na orodha ya mahitaji nimeibandika ukutani: godoro, ndoo mbili, jembe lenye mpini, ufagio, rimu ya karatasi. Vyote nimeshavitia alama. Unajua kazi yangu ni hiyo hiyo. Kila mwaka hapa Rwamishenye nawaandaa watoto wa darasa la saba kwa safari hii. Wakimaliza mtihani nawafundisha Kiingereza cha kuanzia, nawaeleza maisha ya bweni yalivyo, nawaonyesha hata namna ya kufua soksi na kutandika kitanda cha juu. Kwa watoto wa wenzangu sina hofu. Ilipofika zamu ya mwanangu mwenyewe nilikwama, nikaanza kukuuliza wewe.

Wewe ulijua la kufanya, kwa sababu kaka Projesti alikuwa amekufundisha kwa uchungu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza nyumbani kwetu kufaulu. Ulimchinjia mbuzi, ukamnunulia godoro jipya, la namna ambayo hata wewe na Mae, mama yetu, hamkuwahi kulilalia. Wiki ya tatu tukamwona anateremka njia ya kibanja chetu cha migomba, godoro kichwani, mashavu yameingia ndani. Akasema anaumwa tumbo. Ulimuuliza mara mbili, na mara ya tatu akasema ukweli.

“Tata, kule hawali chakula. Wanakula ugali.”

Mchana ugali, jioni ugali. Kwa mtoto aliyekua kwa ebitoke, zile ndizi zetu za kupika na maharage kwenye sufuria moja, siku isiyo na ndizi ni siku ambayo hajala, hata kama tumbo limejaa. Ulimbembeleza, ukamtisha, ukampeleka kwa paroko. Hakurudi shule. Leo Projesti ana kahawa nzuri kuliko wote pale kijijini Rubafu na hana kinyongo na mtu, lakini nakumbuka jinsi ulivyolisimamisha lile godoro kwenye kona ya chumba, ukakataza mtu yeyote asililalie.

Lilisimama pale miaka minne, hadi jina langu lilipotoka.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Hukuchinja mbuzi safari hiyo. Ulipanda baiskeli mpaka Bukoba mjini, ukarudi na gunia la unga wa mahindi, ukalitua miguuni pa Mae.

“Kuanzia leo ebitoke basi,” ulisema. “Mpaka huyu aondoke.”

Mae alikutazama kama mgonjwa wa malaria anayeweweseka. “Na wewe je?”

“Na mimi.”

Ilikuwa mwanzo wa Desemba, tata, na kibanja chako kilikuwa kimejaa mikungu mpaka migomba mingine umeiegemeza kwa miti. Mae hakuwa amewahi kusonga ugali maishani mwake. Ule wa kwanza ulikuwa na madonge ya unga mkavu katikati, na pembeni ulikuwa uji. Wadogo zangu walianza kulia kabla hata ya kuonja. Wewe ulimeza tonge la kwanza, macho yakakutoka, ukasema, “Vizuri sana. Wa shule utakuwa mbaya zaidi.”

Hukuishia hapo. Ulitundika jembe bovu kwenye boriti, ukawa unaligonga kwa msumari saa ya kula, tunapanga foleni na sahani mkononi, na wewe mwenye nyumba unasimama mwisho wa foleni. Ulimwambia Mae asichambue maharage kwa sababu shuleni hayachambuliwi. Hapo ndipo alipokukatalia mbele yetu sote. “Ugali nitapika,” alisema, “lakini wadudu, tata wa Projesti, wadudu utakula kwa mke mwingine.” Maharage yakaendelea kuchambuliwa. Projesti yeye alikataa katakata. Alikula maparachichi na mahindi ya kuchoma mwezi mzima, na hukumgusa.

Halafu habari zikatoka nje ya boma. Lisemwalo lipo, wakasema watu, na ikaaminika kwamba nyumbani kwetu kumeingia njaa. Mtu mwenye kibanja kama kile atakulaje ugali wa kununua kama hana shida kubwa anayoificha? Ma Byera, jirani yetu, alipita kwa nyuma na mkungu wa ndizi kichwani, akauweka jikoni bila kusema neno, akaondoka anajifuta machozi. Jumapili ile jumuiya nzima ikaja kusali kwetu, kila mmoja na kikapu. Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ulisubiri sala iishe, ukasimama, ukawaambia, “Waitu, ndugu zangu, asanteni. Hatuna njaa. Tuna mtoto anakwenda shule.”

Walicheka mpaka wazee wakashika mbavu. Ndizi zao ukawagawia tena, wakarudi nazo, na sisi Noeli tukala ugali kwa nyama.

Sijui kama niliwahi kukwambia kilichotokea nilipofika shule, kulekule Muleba. Siku ya kwanza kengele ya chakula ililia, na wasichana wengi kutoka kwetu wakakaa mbele ya sahani zao wanalia. Jirani yangu mezani alikuwa anasukuma ule ugali kwa kidole. Mimi nilionja. Haukuwa na donge hata moja, tata! Nikamaliza, nikarudi kuomba ukoko. Mpishi akaniuliza kama mimi ni Msukuma, nikajibu ni Mhaya wa Rubafu, akacheka. Mwisho wa mwezi nilikuwa na marafiki, niko kwaya, niko timu ya netiboli. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba kuandika barua nyumbani kulinipita kabisa. Niliandika wiki ya tano, nusu ukurasa, nikiomba sabuni.

Sasa Kemi. Huyu ugali haumtishi. Amekulia mjini, anakula ugali, wali, chipsi na kila kinachowekwa mezani, na ebitoke anazila tukienda kwa bibi yake. Niliketi naye nikamuuliza nini hasa anachokiogopa. Nilidhani atasema Kiingereza, au viranja, au kuoga maji ya baridi.

“Simu,” akasema. “Mama, kule hamna simu. Nikitaka kukwambia kitu nitafanyaje?”

Ni kweli. Huyu mtoto hajawahi kumaliza siku bila kunitumia ujumbe. Nikiwa shuleni ananiuliza chumvi iko wapi, nami namjibu, wakati chumvi iko palepale ilipo siku zote. Tumezoeana hivyo. Nilipoanza kufikiria wiki kumi na mbili za kimya, niligundua kwamba anayeogopa zaidi hapa ndani ni mimi.

Basi nikagonga jembe lako. Nilitangaza kwamba mwezi wote wa likizo simu zinalala kabatini, isipokuwa kitochi kimoja cha dharura. Mwenye neno aandike barua. Baba Kemi akasema, “Nyie walimu mna matatizo,” lakini akatoa simu yake. Najua anakwenda kwa fundi viatu kuuliza matokeo ya mpira, nimemwacha. Kila saa moja jioni tunakaa mezani, kila mtu na karatasi yake. Barua ya kwanza ya Kemi ilisema hivi: “Mama mpendwa, mimi mzima. Niko mbele yako. Sina la kusema.”

Ya wiki ya pili ilikuwa kurasa mbili. Aliandika kwamba anaogopa atalia bwenini na hakuna atakayejua, kwa sababu yeye akilia hatoi sauti. Tata, nimemzaa mtoto huyu, nimemlea miaka kumi na mitatu, na sikuwa najua kwamba huwa analia bila sauti. Nilimjibu kwa barua, nikaiweka chini ya mto wake. Hatukulizungumza kwa mdomo, lakini kesho yake alikuja kunisaidia kumenya vitunguu akasimama karibu zaidi ya kawaida.

Noeli tulikwenda Rubafu. Nikamsimulia Mae habari za simu na barua, nikijisifu kwamba nimefanya kama wewe. Alikuwa anakaanga senene wa kumfungia Kemi kwenye kopo, kama alivyonifichia mimi zamani chini ya nguo, ukajifanya hukuona. Akaacha kukoroga.

“Mwana wange, wewe unajua nusu,” akasema.

Akaniambia kwamba siku uliyonipeleka stendi, yeye alimenya ndizi tangu alfajiri. Akapika sufuria kubwa na samaki, kusherehekea mwisho wa mateso. Ukaingia, ukanawa, ukaiona ile sufuria.

“Akasema, ‘Hizo wape watoto. Mimi nisongee ugali.’ Nikamwambia, wewe mwanaume, mtoto si ameshaondoka? Akasema, ‘Bado hatujajua kama anakula.’”

“Akala peke yake?” nikauliza.

“Ningemwachaje ale peke yake?”

Wiki tano, tata. Mimi nacheza netiboli Muleba, ninyi wawili mnakula ugali katikati ya migomba yenu. Mae anasema barua yangu ilipofika kutoka parokiani uliisoma mara mbili, unatafuta mahali nilipolalamikia chakula. Hukupaona. Nilikuwa nimeandika sabuni tu. Ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukasema, “Haya, leta ebitoke.”

Nilicheka pale jikoni mpaka nikalia, kisha nikalia kweli. Nakupenda, tata. Nilikuwa nadhani ulinifundisha kula ugali, na nilikushukuru kwa hilo siku zote. Hili jingine sikuwahi kukushukuru kwa sababu hukuniambia. Nilikwenda pale kibanjani ulipolala, nikang'oa majani machache juu ya kaburi, nikakosa la kusema.

Ndiyo maana nakuandikia. Ni saa moja jioni, tuko mezani. Kemi ananiuliza namwandikia nani, nimemwambia ni babu yake. Ameniangalia kidogo, kisha ameinamisha kichwa na kuendelea na yake.

Jumatatu nitampandisha basi. Baba yake tayari ananikumbusha kwamba siku hiyo mwezi wa simu unaisha, na yake nitamrudishia. Yangu nimeifunga kwenye nailoni na kuizika ndani ya unga, nisiione. Shule wana namba ya kitochi, kikilia nitapokea. Ile nyingine itakaa humo mpaka barua ya Kemi ifike. Nimemwambia aandike akishazoea, asiharakishe. Sikumwambia kwamba nitakuwa nasubiri.

Nikikaa wiki ya kwanza bila barua nitahangaika, najijua. Ya pili pia. Lakini ikifika ya tano bado kimya, nitasonga ugali wangu, nitakaa mezani na baba yake, na nitajua kwamba mtoto wetu anakula.

Pumzika, tata. Ma Byera anakusalimu, bado anawasimulia watu ile njaa yetu.

Ni mimi, binti yako,
aliyechelewa kuandika.