Shati Lako Limebaki Kericho

Kaka Kiprono,

Leo nimechuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi, na bado mikono yangu inakataa kutulia. Ndiyo maana nakuandikia.

Tangu tukuzike, lori la majani linakuja kwa wakati. Hiyo ndiyo inaniuma. Siku ile halikuja, majani yakaungua kwa joto ndani ya magunia, nawe ukayamwaga mbele ya kambi ya chifu ukisema, "Haya, wapike wanywe!" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kaka. Jioni askari walikuja kukuchukua. Ulitoka ukitembea kwa miguu yako, ukaniambia nisisahau kumkamua ng'ombe wetu Chelel. Asubuhi wakasema umekufa kwa malaria.

Sasa serikali imeweka kamati ya kuangalia haki za binadamu. Redio ilisema watu wake watasikiliza wananchi katika ukumbi wa kanisa, Kericho. Mama alisema, "Wacha mtoto wangu alale." Baba Mdogo akasema hiyo ni serikali inajiuliza yenyewe maswali. Lakini siku ya kikao nilimkuta barabarani, amechana nywele, ananingoja. "Mimi siendi kwa kamati," akasema. "Naenda kununua misumari."

Aliyetusikiliza ni mama mmoja mwenye miwani. Niliposema malaria, aliinua kichwa. Akauliza nguo ulizokuwa umevaa ziko wapi. Unajua desturi yetu: baada ya mazishi Mama alizifua zote, zikagawiwa jamaa. Damu ya kwenye kola ilienda na maji ya mto. Ningemwambia nini? Kwamba ushahidi wako tuliufua wenyewe, kwa sabuni, kwa mapenzi?

Hapo Baba Mdogo akaanza kufungua vifungo. Alikuwa amelivaa, kaka. Shati lako la miraba ya kijani. Alilivua mbele ya watu wote, akabaki na vesti, akaliweka mezani.

Yule mama aliligeuza polepole. Vifungo vya chini ni vya kahawia, vitatu vya juu ni vyeupe. Akauliza nani alivishona. Nikasema ni Mama, kwa sababu lilirudi limeraruka kifuani, vya juu havipo. Akavua miwani. "Malaria haing'oi vifungo, dada," akasema. Akaomba abaki nalo.

Nilidhani atainuka akamshike mtu. Hapana. Alitueleza kwamba wao hawafungi mtu. Wanauliza, wanaandika, wanapeleka kwa wakubwa, na wakubwa wanaweza kunyamaza. Tukirudi, Baba Mdogo amejifunga leso yangu mabegani kwa baridi, alinung'unika njia nzima: "Kumbe ni mbwa asiye na meno! Na shati nimempa!"

Nikamkumbuka mbwa wetu Simba. Alipozeeka meno yakaisha, tukakuambia umtafute mwingine. Ulisema, "Haumi mtu, lakini ananiamsha."

Tangu hapo sina raha. Nikisikia gari, nadhani ni watu wa kamati. Nikichuma, nafikiria vile vifungo vitatu vya kahawia vilivyong'olewa: viliangukia wapi, nani alivifagia. Yule mama alisema wataenda kambini kuuliza. Kaka, hakuna mtu aliyewahi kwenda kuuliza. Juzi askari mmoja alisimama kando ya shamba akaniuliza kama safari za Kericho bado zinanipendeza. Nikaendelea kuchuma, lakini nilikuwa natupa kikapuni hata majani yaliyokomaa, ambayo kiwanda hakiyataki.

Mama naye anaulizia shati. Baba Mdogo anamwambia liko kwa kamba, halijakauka. Mvua ya huku inamsaidia kudanganya, ila haitanyesha milele. Nitamwambia mwenyewe.

Watu wa kamati wakija, nitasema tena mbele ya yeyote kwamba ulitoka nyumbani ukitembea. Wasipokuja, nitawafuata. Hiyo nakuahidi.

Chelel nimemkamua. Kwaheri, kaka. Lala wewe. Mimi niko macho.

Dada yako,
Chebet