Vitamutamu vya Memsabu

Mafubira, Jinja
28 Desemba 1956

Kwako Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta umekaa, maana ukisomewa barua ukiwa umesimama huanza kulia kabla salamu hazijaisha. Mguu haukuumi tena? Na mvua za huko Nkoma zimekuachia paa? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila nimechoka, Mama. Nimechoka hadi kalamu naiona nzito. Madina mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma yote, usiruke hata pale utakapoona haya.

Unajua Desemba yangu ilivyo. Wazungu wa bwawa la umeme wakikaribia Krismasi yao, jiko la Memsabu hugeuka kiwanda. Mwaka huu alitaka vitamutamu vya kujaza makopo ya rafiki zake wote, wa Jinja na hata wa Tororo. Nilisaga biskuti kwa chupa, nikachanganya na kakao, sukari na karanga zilizotwangwa, nikamimina ramu, ile pombe yao kali, kisha nikakaa kufinyanga vidonge kimoja kimoja na kuvigaragaza kwenye nazi. Haviingii motoni hata kidogo, ndiyo maana ile ramu haiendi popote. Ingechemshwa ingepaa na mvuke, na hilo wewe uliyetulea kwa kupika pombe ya waragi unalijua kuliko mimi. Inabaki ndani ya kidonge, na inabaki viganjani mwangu pia, hata nisugue kwa ndimu na majivu.

Kuonja ni kazi ya Nambozo, yule Mgisu anayefua nguo, kwa kuwa yeye ni Mkristo na hana neno. Mimi napima kwa pua tu. Mwaka huu alionja vizuri mno, akaanza kuimba nyimbo za kanisani kabla sikukuu haijafika, nami nikamaliza kazi peke yangu mpaka mabega yakafa ganzi.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani, Dauda akanishika mikono mbele ya wageni, akainusa, akasema nimelewa. Ni Dauda huyu huyu mume wangu, anayeshona kwenye baraza ya duka la Jashbhai, na ambaye msikitini huonekana Ijumaa tu, tena akiwa na kanzu mpya ya kuonyesha. Desemba zilizopita alikuwa akicheka, akisema mikono yangu inamkumbusha nyumba ya mama mkwe. Mwaka huu harufu ile ile imekuwa dhambi. Aliita wazee, akawaambia hawezi kukaa na mke mlevi, na kwamba nimeurithi ulevi kwako. Iliniuma sana, Mama. Hakusema kwamba wewe hujatia hata tone mdomoni maisha yako yote, wala kwamba ni waragi hiyo hiyo iliyomnunulia cherehani.

Wazee walikuwa wapole. Mkubwa wao alisema nikiapa tu kwamba sijanywa, maneno yatakwisha na Dauda atanirudisha nyumbani kwa heshima. Nambozo alikuwa amekuja kwa miguu kunishuhudia, na Memsabu alikuwa amempa kopo zima la vitamutamu ili wazee wainuse wenyewe ile ramu. Dauda alipoliona kopo akaanza kutazama chini. Nikamwomba Nambozo asilifungue, aende zake. Mzee akaniuliza tena. Nikanyamaza. Basi Dauda akatoa talaka moja, kisha akageuka kuwatazama wazee, maana hakutegemea itakuwa rahisi hivyo.

Hapa ndipo nataka unisikie vizuri. Sikunyamaza kwa aibu wala kwa hofu. Najua kuna binti wa Kimaka anayemtaka, lakini hata hilo silo lililoniziba mdomo. Nilinyamaza kwa sababu niliona wazi kwamba nikiapa, nitarudi nyumbani kwake. Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kujieleza, leo kwa nini nimechelewa, kesho kwa nini sijazaa. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, Mama, nikalimeza kwa hiari yangu.

Talaka ni moja na eda haijaisha, kwa hiyo anaweza kunirejea. Najua ukishasikia utamtuma Mjomba Muhamad aje kutusuluhisha, na najua tayari anatafuta viatu. Nakusihi umzuie. Watu watasema binti yako alikuwa mlevi, na sitawajibu. Wewe tu ndiye nisiyetaka uamini hivyo.

Jumatatu nitapanda basi la Mbale. Mikono yangu bado inanuka, utaijua ukinipokea mlangoni. Nitandikie mkeka chumba cha nyuma, uniache nilale kwanza, ndipo uniulize.

Nawasalimu majirani wote wanaonikumbuka kwa wema. Mpe Madina asante ya kukusomea, na Mjomba mwambie avue viatu.

Mimi mwanao,
Ramula