Damu ya Mwanao Sikuipima

Uswidi, Februari

Dada yangu mpendwa Leokadia,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na migomba ya kibanjani imesimama, au ule upepo uliousema uliilaza yote? Mimi ni mzima wa mwili. Kozi ya maabara inaendelea, na chakula nimekizoea, ingawa ndizi za hapa ni za kumenya na kula tu, hakuna za kupika.

Barua yako niliipata Jumanne. Nilifurahi kusikia una mimba ya miezi mitano, baada ya miaka yote hii. Kisha nikafika pale ulipoandika: "Nitumie maziwa ya kopo mapema, maana haya yangu unayajua." Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, Dada. Ningeweza kutuma makopo na kunyamaza. Lakini ninachokijua mimi si hicho unachodhani.

Unakumbuka Yohana wako alizaliwa zaidi ya miezi miwili kabla ya siku zake, pale hospitalini Bukoba nilipokuwa nafanya kazi maabara. Ulikuwa unakamua maziwa kwenye kikombe, na Sista wa wodi ya watoto anayadondosha kwa mpira uliopitishwa puani. Siku ya tisa tumbo likakaza. Asubuhi ile Sista alimchoma kisigino, akajaza damu kwenye mirija miwili myembamba ya kioo, akaniletea mwenyewe.

"Deus, tumbo la mpwa wako limejaa, na choo kina damu kidogo," alisema. "Hesabu chembe nyeupe. Huu mrija mwingine usimamishe saa nzima, tuone damu inashuka kiasi gani. Nikijua mwili unapigana na kitu, nasimamisha maziwa."

Glovu zilikuwa zimekwisha, na kidole changu kilikuwa na kidonda. Hicho si kisingizio. Damu za watu wengine nilizishika siku ile ile. Niliogopa ya kwenu. Shemeji Projestus alikuwa amekonda tangu arudi vitani, anakohoa, na watu wa kwenu Nshamba walikuwa wameanza kunong'ona jina la silimu, ule ugonjwa wa damu unaokondesha na kuua. Nami, niliyekula na kulala kwako nikiwa shuleni, niliyaamini maneno ya sokoni. Nilijiambia: kama baba anao, mama anao, na mtoto anao.

Niliitumbukiza mirija yote miwili kwenye ndoo ya dawa ya kusafishia vyombo. Nikakaa saa nzima nikitazama ukuta, ili ionekane nimesubiri. Kisha nikaandika namba za mtoto mzima.

Sista aliisoma karatasi, akanitazama. "Una uhakika?"

"Nina uhakika, Sista."

Akaendelea na maziwa. Keshokutwa yake mchana Yohana alifariki. Mimi na Projestus tulimpakata kwa zamu ndani ya basi hadi Muleba, na kutoka pale hadi Nshamba. Shemeji alinishukuru njia nzima kwa kuwa karibu nanyi. Kwenye maziko mama mkwe wako akasema mbele ya wanawake kwamba maziwa yako ndiyo yaliyomuua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuona ukiinamisha kichwa, nami nikanyamaza.

Baadaye Projestus akakutwa na kifua kikuu, akatibiwa, akapona, na damu zenu mlipopimwa zikawa safi, yako na yake. Kila mtu nyumbani alifurahi. Mimi nilikwenda nyuma ya maabara nikakaa peke yangu.

Sasa sikia nilichokiona huku. Hapa nafundishwa kupima damu za watoto wa namna ile ile. Kuna protini ambayo ini huimwaga kwenye damu kitu kinapowaka mwilini, na mashine huipima kwa tone moja. Mwezi uliopita ililetwa damu ya kichanga mwepesi kuliko kilo ya sukari, tumbo limekaza. Protini ilikuwa juu, chembe nyeupe zimeanguka. Birgita, mama wa makamo anayenifundisha, alirudia kipimo ili asikosee, kisha akapiga simu wodini. Wakasimamisha maziwa saa ile ile, wakamwekea dripu na dawa ya kuua vijidudu. Siku ya kumi namba zilikuwa zimerudi mahali pake. Nikamwuliza Birgita sasa watampa maziwa gani.

"Ya mama yake," alisema. "Hayo ndiyo yanaulinda utumbo kuliko yoyote. Kwenu sivyo?"

Nilimjibu kwamba hata kwetu ndivyo, nikatoka nje kwenye baridi bila koti.

Sisemi Yohana angepona. Kipimo hakitibu, na watoto kama yeye hufa hata hapa. Lakini Sista angesimamisha maziwa siku mbili mapema, akampa dawa, na mtoto angepata nafasi. Nafasi hiyo nilimnyima mimi. Ugonjwa ulikuwa wa utumbo uliokuja duniani kabla haujakomaa. Haukutoka kwenye matiti yako, wala kwenye damu ya Projestus.

Kwa hiyo makopo sitatuma. Nenda kliniki mapema, na ukisikia uchungu kabla ya siku zake usingoje; panda basi uende Bukoba. Akizaliwa mdogo, waambie yaliyompata wa kwanza. Sista bado yupo. Naye nimemwandikia leo, nikamweleza zile namba nilizitoa wapi. Wakiniondoa kazini nitakaporudi, watakuwa na haki.

Msomee Projestus barua hii yote, usimfiche hata mstari. Yeye nilimhukumu, kisha nikamzikia mwana huku nikipokea shukrani zake. Mkiamua nisikanyage tena kwenu, nitaelewa. Mama mwambie polepole. Mama mkwe wako msomee yale ya maziwa, umwambie mwenye kosa amejitaja mwenyewe. Msalimie na mjomba katekista, aliyemwombea mtoto yule. Aniombee na mimi, ukiona ninastahili.

Kunijibu si lazima, wala si haraka. Mtoto anyonye kwanza.

Mdogo wako,
Deusdedit