Kazi ya Ghala Aliyoikosa Mwanahawa

Dar es Salaam

Kaka yangu Selemani,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mandawa, wewe na wifi na watoto. Mguu wa mama vipi, anatembea sasa? Mimi afya ninayo, ila roho haijatulia. Barua nimempa jirani yangu anayekuja msibani Ruangwa akukabidhi mkononi. Simu yangu ni ya ofisi, na siku hizi siiamini.

Uliponiuliza mbona mwanao Mwanahawa amekosa kazi kwenye ghala la ufuta Nachingwea, ilhali mimi niko idara ya utumishi ya kampuni hiyohiyo, nilikujibu kwamba sisi hatuchagui watu tena, inachagua kompyuta. Ukaguna tu. Nikajua hukuniamini.

Ndivyo ilivyo, kaka. Mwombaji anapigiwa simu na programu ya akili mnemba. Inamuuliza maswali kwa sauti ya kike, inampima, kisha sisi tunaletewa majina ya waliofaa. Nikaomba kusikiliza usaili wa Mwanahawa. Aliulizwa angefanya nini wakulima wakigombana kwenye mizani. Akatulia kidogo, kama mlivyomlea, asimjibu mkubwa kwa papara. Programu ikahesabu kuwa hajui, ikarukia swali jingine.

"Samahani mama, la kwanza sijamaliza," akasema.

Ikaendelea kuuliza.

Nikaenda kwa meneja wetu. Akaniambia, "Mashine haina ndugu, Somoe. Wewe unaye."

"Basi tusikilize na wengine wasio ndugu zangu."

Tukasikiliza waombaji wa vijijini huko, Marambo na Mkotokuyana. Nao walikatishwa vilevile. Waliofaulu karibu wote ni wa huku mjini, na mmoja wao ana jina la ukoo wa meneja. Hilo sikulisema. Nililiona tu, na nadhani naye aliona kwamba nimeliona.

Akakubali waliokatishwa waitwe upya, wahojiwe ana kwa ana na mtu, hukohuko Nachingwea. Mwanahawa yumo. Hatahojiwa na mimi, na ni heri iwe hivyo. Mwambie aende, lakini asinitaje.

Nikadhani yamekwisha. Juzi nimeletewa ujumbe kwamba Jumatatu na mimi nitahojiwa na programu ileile, ionekane kama bado naifaa kazi yangu. Nilipomuuliza meneja, alijibu bila kuniangalia, "Utaratibu wa kawaida. Wafanyakazi wote watapita."

Nimezunguka idara nzima nikiuliza kwa upole, mmoja mmoja. Hakuna mwingine aliyepangiwa.

Mama nisalimie sana, usimweleze haya, atakosa usingizi bure. Nisalimie wifi yangu, na baba mdogo na watu wa kwake. Mwanahawa mwambie shangazi yake alimsikiliza mpaka mwisho. Na ukiniona nimeshuka stendi ya Ruangwa na mizigo yangu yote, nipokee tu, kaka. Tutaongea tukishafika nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Somoe