Kufuli kwenye Geti la Caren

KIKUNDI CHA MAJIRANI WEMA, SIONGIROI
Kikao cha Jumamosi, 14 Juni 2025, nyumbani kwa katibu. Kilianza saa nane na dakika ishirini mchana, mwenyekiti alipofika.

WALIOHUDHURIA: Mzee Bogonko (mwenyekiti), Rebeccah Nyatichi (katibu), Bw. Kimeli, Caren Chepngeno.
UDHURU: Nyambeki, aliyebaki na Jonah, mume wa Caren, mwenye saratani ya koo iliyoenea.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFULI
Bw. Kimeli alilalamika kwamba Jumapili watu kumi na wawili walienda kuona mgonjwa, wakakuta geti lina kufuli na moshi unatoka jikoni. Alisema hiyo ni madharau.

Caren alieleza kwamba tangu Machi wageni huja kila siku, na mgeni hatoki bila chai. Wiki hiyo alikuwa amechemsha lita tisa za maziwa, na Jonah, ambaye hata mate yanamshinda kumeza, amelala hapo akisikia watu wakipuliza vikombe. "Mnakuja kuona mgonjwa," alisema. "Mimi hakuna mtu ananiona. Sijalala vizuri tangu tupande mahindi."

Bw. Kimeli alisema hakuna aliyemwambia apike. Aliulizwa yeye mwenyewe hunywa vikombe vingapi. Alijibu vitatu. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba katibu naye huomba kuongezewa. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/6/2025: ZAMU
Iliamuliwa maneno "kuona mgonjwa" yafutwe kwenye daftari, iandikwe "zamu". Mwenye zamu aje peke yake na thamosi yake, chai anywee jikoni. Amgeuze Jonah na ampe dawa ya maumivu kwa saa yake, kama muuguzi alivyoonyesha, Caren akalale.

Bw. Kimeli alichukua Jumatatu na Alhamisi bila kuombwa. Kisha alimwambia Caren, "Pole, mama. Nilikosa." Caren alikuwa ameshikwa na usingizi hapo kwenye kiti.

KUMB. NA. 3/6/2025: MENGINEYO
Nyambeki alipiga simu kwamba Jonah ametulia, na anauliza kama mkewe amekula. Aliambiwa amelala. Jonah alisikika akisema, "Asante Mungu. Msimwamshe."

Wanachama walifurahi sana, kwa kunong'ona. Mwenyekiti aliomba kimoyomoyo, jambo ambalo katibu hajawahi kuliona, na kikao kikafungwa saa kumi kasorobo.

Caren aliamka saa kumi na mbili, akauliza kama tumeanza.

Mwenyekiti: E. Bogonko (sahihi)
Katibu: R. Nyatichi (sahihi)