Gari la Mombo

Voi, Jumamosi, Julai 2025. Upepo mkavu tangu alfajiri, vumbi hadi ndani ya kikombe cha chai. Huu ni mwaka wa sitini na tisa tangu niondoke Lushoto.

Jana mjukuu wangu Zawadi alinionyesha njia kwenye simu yake: Taveta, Mombo, kisha kupanda mlima. "Babu, tunatoka asubuhi, magharibi tunakula Lushoto." Alisema kama anazungumzia kwenda dukani. Nilimwambia nitamjibu.

Tangu hapo naikumbuka mara ya mwisho nilipokwenda.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na huku Kenya kulikuwa na hali ya hatari. Nilitoka hapahapa Voi kwa treni. Taveta askari walipanda, wakamuuliza kila kijana kabila lake na anakokwenda. Nilisema nafuata mboga Mombo. Mombo nikapanda lori, nikajibana kati ya magunia ya chumvi, tukaanza kona za kwenda Soni huku ukungu ukituteremkia.

Kwetu nilikuwa natafutwa. Serikali iliamuru kila kaya ichimbe matuta kwenye mashamba ya mteremkoni ili udongo usichukuliwe na maji. Nilisimama barazani nikasema kazi hiyo inaua wanawake, na mvua ikijaa kwenye matuta shamba zima litashuka. Jumbe akataka nikamatwe. Nikakimbilia Kenya, nikamwacha mke wangu Hawa na mtoto wetu anayenyonya nyumbani kwa mama yangu. Sasa nilikuwa na kazi relini na chumba, na nilikuja kuwachukua. Nikikamatwa ningefungwa, nao wasingetoka tena.

Nilikuwa nimempelekea Hawa salamu kwa mchuuzi mmoja: siku ya gulio, sokoni, tuondoke na gari la Mombo.

Lushoto ni mji mdogo. Mtu akipiga chafya bomani, sokoni wanamwombea afya. Nilivaa kanzu na kofia, nikajifanya mtu wa Mombasa. Nilipita maduka ya Wahindi bila kugeuza shingo, nikazunguka nyuma ya mikaratusi, nikaingia sokoni kwa upande wa juu. Hawa alikuwa amekaa nyuma ya kapu la peasi, mtoto mgongoni. Hakuinua uso.

"Mama yangu yuko wapi?" nilinong'ona, nikibonyeza tunda.

"Shambani. Sijamwambia kitu. Ataulizwa, afadhali asijue."

Nilipoinua macho, Mzee Hoza, tarishi wa jumbe, alikuwa amesimama pembeni yangu na fimbo yake.

"Mgeni huyu anataka nini?" aliuliza.

"Hata mwenyewe hajui, mzee," Hawa akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kabonyeza peasi zangu zote, hanunui. Nisaidie kumfukuza."

Wanawake wakacheka. Mzee Hoza hakucheka. Alisimama mbele yangu, akingoja salamu.

Mtu wa Mombasa angeweza kuitikia kwa kichwa akapita. Mtoto wa Kishambaa hawezi. Mzee yule alikuwa rika la baba yangu, na tangu nijue kusema sikuwahi kumpita hivihivi. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimevua kofia, nimeinama, mikono imeshikana mbele.

"Shikamoo, mzee."

Nikajua nimekwisha.

"Marahaba." Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Kumbe siku hizi hata Mombasa wanafundishwa adabu yetu. Nani kakufundisha?"

"Njaa, mzee," Hawa alidakia. "Anadhani akiinama nitampunguzia bei."

Mzee Hoza alichagua peasi, akaiuma, akatafuna polepole. Maji ya tunda yalimtiririka kidevuni. Mimi jasho lilinitiririka kwenye baridi ile.

"Muuzie, binti, aende zake," alisema mwisho. "Gari la Mombo halimngoji mtu. Na mimi macho yangu yana ukungu kama mlima huu. Leo sioni vizuri. Keshokutwa nitaona."

Akaondoka na peasi yake, bila kulipa.

Hawa alimwomba jirani amwangalizie kapu. Tulipanda lori kila mtu kivyake, yeye mbele kwenye viazi, mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Nilidhani hofu imebaki sokoni.

Chini kidogo ya mji barabara inapinda mguuni mwa shamba letu. Lori lilipunguza mwendo kwenye kona. Mama alikuwa pale juu, peke yake, jembe mkononi. Alikuwa anachimba matuta. Kaya ilidaiwa matuta, na mimi nilikuwa nimekimbia, kwa hiyo aliyachimba yeye. Alikuwa amemaliza karibu nusu ya mteremko.

Lori lilipopita aliinua kichwa, kama kila mtu anavyofanya, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga. Hawa alimfunika mtoto kwa kanga yake. Mimi niliangalia magunia.

Mama akainama tena.

Jioni ile alirudi kwenye nyumba tupu. Alifariki kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, na mimi nilipata habari msiba ukiwa umekwisha. Matuta yake, nasikia, bado yapo, na yamelishikilia shamba vizuri.

Watu wananiuliza kwa nini sikurudi, ilhali jumbe aliyeniogopesha hayupo tena. Hawa aliniuliza hadi alipofariki. Nilisema kazi, kisha nikasema magoti.

Ningependa kuuona mji ule. Ningependa kusikia Kishambaa kikisemwa na watu wengi kwa pamoja. Lakini njia ya Mombo inapita chini ya shamba lile, na hata nikizungukia Mnazi, upande wa pili wa mlima, nikapanda kwa pikipiki, najua miguu itanipeleka palepale, nitasimama kwenye ile kona nikitazama juu.

Asubuhi hii nimemwambia Zawadi aende na baba yake, aliyefunikwa kanga siku ile. Mimi sitarudi.